Mafunzo ya Kukinga Elektroniki za Setilaiti dhidi ya Mionzi: Tathmini ya Mshiriki

Mafunzo haya ya jioni, yanayotolewa hapa Nairobi kwa wahandisi na wanafunzi wanaounda setilaiti ndogo, yanastahili ada yake hasa kwa sababu yanaiondoa mapema dhana kwamba mionzi hushindwa kwa kuongeza unene wa bati.

Mkufunzi alianza na Telstar 1, iliyorushwa Julai 10, 1962, siku moja baada ya Marekani kulipua bomu la nyuklia juu ya Bahari ya Pasifiki. Elektroni zilizotokana na mlipuko huo zilinaswa na usumaku wa dunia, zikadhoofisha transista za setilaiti hiyo, nayo ikanyamaza Februari 1963. Kutoka hapo alieleza kwamba aluminiamu huzuia vyema elektroni zenye nishati ndogo, lakini elektroni zikikomea ghafla ndani ya metali nzito huzalisha eksirei, ndiyo maana tabaka jepesi hutangulia nje na lile zito hufuata ndani. Chembe nzito zitokazo mbali na mfumo wa jua hupenya ukuta wowote ambao setilaiti ndogo ingeweza kuubeba. Kwa hizo, kinga hujengwa ndani ya saketi yenyewe.

Kipindi cha vitendo ndicho kilichonifurahisha zaidi. Tuligeuza biti (0 ikawa 1, au 1 ikawa 0) kwa makusudi katika kumbukumbu ya bodi, kama chembe ya mionzi inavyofanya, tukaona msimbo wa kusahihisha makosa ukirekebisha biti moja iliyogeuka katika neno, yaani kundi la biti zinazosomwa pamoja, na ukitambua mbili bila ya kuweza kuzirekebisha. Tulijaribu pia saketi inayokata umeme mara chipu iliyopigwa na chembe inapoanza kuvuta mkondo usio wa kawaida, kwa kuwa chipu iliyokwama katika hali hiyo huweza kuungua isipozimwa upesi.

Upungufu uko kwenye somo la upimaji, lililopitiwa harakaharaka. Tuliambiwa kwamba kobalti 60, chanzo cha miale ya gamma, hupima madhara yanayojilimbikiza, na protoni za kichapuzi, mashine inayozipa chembe kasi kubwa, hupima pigo la chembe mojamoja, basi. Anayenunua vipuri Luthuli Avenue anahitaji kujua zaidi ya hayo, kwa maana chipu zenye jina lilelile, zikitoka makundi tofauti ya kiwandani, huweza kutofautiana sana katika kustahimili mionzi, na ripoti ya kundi moja haithibitishi jingine.

Nilisikitika pia kwamba Uhuru haikutajwa. Setilaiti hiyo ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, na njia yake iliyoambaa ikweta iliiepusha na sehemu kali zaidi ya ukanda wa mionzi, yaani chembe zilizonaswa na usumaku wa dunia, ulioshuka karibu zaidi na dunia juu ya Atlantiki ya Kusini. Ni mfano wa nyumbani unaoonyesha kwamba kuchagua njia ya setilaiti nako ni kinga.

Ningemshauri mtu aliyekwisha kuunda saketi ajiandikishe bila kusita. Asiye na msingi huo atapotea kuanzia jioni ya pili.