Kujikaza, au kuegemeza tabia mpya kwenye ya zamani?

Kujikaza tunakujua: Jumapili usiku unaapa kukimbia kila alfajiri. Wiki ya kwanza inakwenda. Halafu mvua inanyesha, au umerudi kazini saa tatu usiku, na alfajiri inabidi ujibembeleze upya.

Njia ya pili haina mbwembwe. Unachukua jambo unalolifanya kila siku bila kufikiri, unaliegemezea jipya: "Nikishanawa mikono baada ya chakula cha mchana, natembea mpaka sokoni na kurudi." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliieleza mipango ya aina hii mwaka 1999: unaamua mapema, kisha tukio lenyewe linakukumbusha.

Ila usitarajie kuizoea tabia mpya kwa siku 21 zinazotajwa kila mahali. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya; makadirio ya muda wa kuzoea yalianzia siku 18 hadi 254, katikati ikiwa 66. Tabia za mazoezi zilichukua muda mrefu kuzoeleka kuliko za kula au kunywa. Kuruka siku moja hakukuharibu mambo, na hapo ndipo mwenye kujikaza huangukia: akikosa mara moja, anajiona ameshindwa, anaacha kabisa.

Mimi niko upande wa pili. Ila kwa jambo la mara moja, kama kwenda kupima presha, jikaze tu uende.