Saa moja ya okestra ya Skopje, mimi nikiwa Dar

Kazi yangu ni muziki wa matangazo, sekunde 30, sekunde 60, na fidla zangu zote hutoka kwenye kompyuta. Safari hii mteja wa unga wa ngano akakataa. "Hizi zinasikika za plastiki," akasema. Zanzibar wapo wapiga fidla wa taarab ninaowavulia kofia, ila nilihitaji watu 22 kwa mpigo, wasome noti papo hapo, tena kwenye ukumbi wa kuwatosha. Nikapitia kwa dalali mmoja wa mtandaoni anayeuza saa za okestra ya Skopje, Makedonia Kaskazini.

Siku ya kurekodi, saa tano asubuhi kwetu, nikawa na hedifoni masikioni nawasikia wakilinganisha nyuzi. Mwili ulinisisimka, sifichi.

Kisha klarineti zikaingia, zote toni moja chini! Klarineti ya B bemoli husikika chini ya noti iliyoandikwa, kwa hiyo mtunzi huipandisha kwenye karatasi. Nilisahau. Lakini nilikuwa nimemlipa dalali ada ya kukagua noti, naye akaniandikia kwamba kila kitu kiko sawa. Dakika 7 zikaisha wapigaji wakisahihisha kwa penseli, na saa ilikuwa inahesabika kwangu. Nilipodai ile ada, nikajibiwa kwa barua pepe ndefu yenye samahani nyingi na shilingi sifuri.

Wapigaji wenyewe sina neno nao. Wimbo ulikuwa na mwendo wa chakacha, sita kwa nane. Walizipiga noti zote barabara, ila ukakamavu ulikuwa wa gwaride. Sikujua niueleze vipi ule mnyumbuko, nikafungua maikrofoni nikaimba: ta-ka TA, ta-ka TA. Kondakta akacheka, akawageukia akawaambia maneno mawili matatu ya Kimakedonia, na selo zikarudi na kiuno ndani yake. Hicho kipande ndicho kilichoingia kwenye tangazo.

Jambo jingine lililonivutia ni haki za kuitumia rekodi. Hapo malipo ni ya mara moja. Tangazo likirushwa Kenya au Uganda wapigaji hawadai tena. Ila soma mkataba wako, maana sehemu nyingine, London kwa mfano, matumizi ya tangazo huweza kulipiwa zaidi.

Mafaili yaliletwa jioni ileile, kila maikrofoni na faili lake zito, ubora wa studio (48 kHz, biti 24). Bando langu lilikata roho mara mbili usiku huo.

Okestra naipa nyota 5, dalali 2. Nitarudi mwezi ujao, ila noti atazikagua rafiki yangu wa bendi ya polisi. Yeye klarineti ndiyo mkate wake, na malipo yake ni kuku wa kuchoma.