Kamusi ya Johnson ya 1939: kama unapenda asili ya maneno itafute

Jamani kama unapenda maneno na hii kamusi huna, itafute, ile ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson iliyotoka 1939. Mi nimeipata mtumba kwa elfu 25, jalada limebanduka kidogo ila kurasa zote zipo, nilizipekua palepale kabla sijatoa hela.

Kilichonipeleka ni swali la mwanangu wa darasa la sita, mama mbona kitabu kina sura, kwani kina uso? Nikakosa jibu. Sasa uzuri wa hii kamusi, neno likiwa la Kiarabu inakuwekea na asili yake kwa herufi za Kiarabu zenyewe, basi nikaibeba mpaka kwa jirani yetu ustadhi wa madrasa, akachukua kalamu akaniandikia maneno mawili kwenye karatasi. La kwanza linaanza na swadi, ile herufi ya s nzito, hiyo ndo sura ya mtu, umbo lake. La pili linaanza na sini, s nyepesi, hiyo ndo sura ya Kurani, na sisi tukaihamishia kwenye vitabu vyote. Kumbe ni maneno mawili tofauti kabisa, ulimi wetu ndo umeyafanya moja kwa sababu hatutofautishi s nzito na s nyepesi! Halafu akaniambia taswira nayo imetoka kwenye ile ya swadi, yani kukitia kitu sura, na katika yale majina 99 ya Mwenyezi Mungu kuna Al-Musawwir, Mtia sura. Nilisisimka mwili mzima, tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema jenga taswira kichwani naona mikono inafinyanga udongo.

Basi siku hizi kila jioni ninayo mkononi. Sanamu kwa Waarabu ni kile kinachochongwa kikaabudiwa, kwetu imepanuka mpaka yule Askari wa Posta pale Dar es Salaam. Dhana ni ndugu yake kudhani. Picha tumeitoa kwa Waingereza, wenzetu wa Lubumbashi kule Kongo wanasema foto sababu ya Kifaransa. Ndoto ni yetu wenyewe, ya Kibantu.

Maelezo yote ni Kiingereza, maandishi madogo, na vitu kama televisheni usivitafute humo. Nikitaka maana kwa Kiswahili nafungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, nazitumia zote mbili.

Ile karatasi ya ustadhi mwanangu kaibandika ndani ya jalada la daftari lake la Kiswahili.