"Dada, umesomea mabomba?"

Hivyo ndivyo nilivyojibiwa dukani Kariakoo, mbele ya wateja wengine. Mpaka leo nikikumbuka nikiwa kwenye daladala, nasonya peke yangu.

Na nilikuwa nimeuliza kwa adabu. Tenki la samaki la lita 400, chini yake sampu, yaani tenki dogo la kupokea maji yanayoshuka, pampu ya kuyarudisha juu imeandikwa lita 3,000 kwa saa, halafu bomba la kushushia maji wamenifungia la robo tatu ya inchi! Nikamwambia, kaka, pampu inasukumwa na umeme, ila maji ya kushuka yanajishukia yenyewe kwa uzito wake. Njia ya kushuka si ndiyo ingekuwa pana zaidi? Akanitazama juu mpaka chini ndipo akanitupia hilo swali. Kijana wake wa kazi akacheka. Nami nikalipa. Ndiyo, nikalipa, na hilo nalo linaniuma.

Tangu siku ya kwanza lile bomba lilikuwa likisukutua usiku kucha, maji na hewa vikigombania njia. Mume wangu akasema tutazoea. Tukazoea, mpaka usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi tumelala. Bomba limejaa hewa, na mdomo wake wa chini walikuwa wameuzamisha hadi karibu na sakafu ya sampu, kwa hiyo hewa haina pa kutokea, na maji hayashuki. Pampu nayo haimsubiri mtu. Ilipandisha maji mpaka chumba chake kikakauka, ikabaki inasaga hewa. Alfajiri nikakanyaga zulia la mama mkwe, limelowa chapachapa. Mwenyewe yuko kwenye kochi, amepandisha miguu, kimya. Afadhali angenisema.

Nyota moja. Na hiyo ni ya vioo tu, maana nisimdhulumu mtu, silikoni yao haijavuja hata tone.

Ila aliyekuja kurekebisha, Jumapili moja hivi, ni yuleyule kijana aliyecheka. "Shikamoo mama," akamwanza mama mkwe, na zulia akalianika yeye. Kisha akanieleza kile nilichokuwa nakitaka tangu dukani: bomba la inchi moja na nusu ni pana mara mbili ya la robo tatu, lakini nafasi ya maji kupita ndani ni mara nne. Tundu la zamani, akasema, kwenye kioo halipanuliwi kama mbao. Tukashusha maji, akatoboa jingine pembeni polepole, huku mimi namwagia maji kioo kisipate moto. La robo tatu likabaki mdomo wake wa juu umezama, na geti valvu, yaani koki ya kulipunguzia kasi. La inchi moja na nusu likasimama juu kidogo, karibu kavu, linasubiri mwenzake azidiwe au azibwe na konokono. Ule mdomo wa chini akaupandisha, ukabaki umezama vidole viwili tu.

Nikazima umeme na kuwasha mara tano. Hakuna kumwagika, hakuna kusukutua. Nikasikia saa ya ukutani, ambayo nilidhani ilishakufa.

Basi nikasema niwape tatu. Hata nne, kwa ajili ya kijana.

Juzi bosi akanipigia. Anadai hela ya tenki konekta ya pili, kile kiungio cha kupitishia bomba kwenye tundu la kioo.

Moja.