Baiskeli ya umeme Marangu: maporomoko mawili ya maji nusu siku, na mama mdogo wangu akiwemo

Jamani hii ya kukodi baiskeli za umeme kule Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nimeipenda sana na naandika hapa kwa sababu najua wengi mnadhani ni mambo ya wazungu wenye mazoezi. Mi nilienda na mama mdogo wangu, mtu mzima, magoti yanamsumbua, na kwa baiskeli ya kawaida kile kilima cha kutoka Marangu Mtoni kupanda juu angeshuka asukume mwanzo mwisho.

Sa inavyofanya kazi ni hivi, haiendi yenyewe kama pikipiki, lazima ukanyage pedali, ukikanyaga tu mota inakuongezea nguvu. Kwenye usukani kuna kitufe cha kuchagua ikusaidie kidogo au sana. Mama mdogo aliiweka juu kabisa, mi nikaweka ya chini nijichoshe kidogo, na tukawa tunaenda sambamba tunapiga stori mlimani, kitu ambacho kwa nguvu zetu zilivyopishana kisingewezekana kabisa. Ile mara ya kwanza anakanyaga, baiskeli ikamvuta mbele akapiga kelele "yesu wangu!" halafu dakika mbili baadae ndo anatuacha.

Njia yenyewe sasa. Ukishaacha lami unaingia katikati ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, migomba juu, kahawa chini yake, na mifongo ya maji inapita pembeni, ile mifereji Wachaga walichimba toka zamani kuleta maji ya mlimani mashambani. Kwenye gari hivi vitu huvioni, na hapa huhemi sana kiasi cha kushindwa kusalimia watu. Tulisalimia kila bibi tuliyekutana naye, mmoja akatuzuia kabisa anataka kujua hiyo baiskeli inakunywa petroli wapi, kijana aliyetuongoza akachomoa betri akamwonesha, akaishika na mikono miwili akasema nzito hii.

Tulianza na maporomoko ya Kinukamori, maji yanaanguka kama mita 15 hivi, na pale juu kuna sanamu ya binti na chui. Hadithi yake wenyeji wanasema binti Makinuka alipata mimba kabla hajaolewa, kwa kuogopa adhabu akaja pale ajitupe, akaghairi, kugeuka arudi nyumbani anakuta chui nyuma yake, akashtuka akaangukia kule kule. Mama mdogo alikaa kimya muda mrefu pale.

Halafu maporomoko ya pili, Kilasiya, na hapa mjue baiskeli inabaki juu. Unashuka kwa miguu, njia ina mwinuko mkali na udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya, tulimshika mama mkono huku na huku. Ila ukifika chini ule mvuke wa maji unakupiga usoni baridi kweli kweli, maji yanatoka mlimani hayo, na kelele yake mpaka mnaongea kwa kupayuka. Tulikaa pale kuliko sehemu yoyote.

Ambacho sikukipenda, kwanza viingilio vya maporomoko havikuwa ndani ya bei na hatukuambiwa mapema, waseme tu mtu ajipange. Pili helmeti zilikuwa saizi moja, ya mama ikawa inacheza kichwani mpaka akafunga kitambaa kwanza ndo ikakaa. Hilo warekebishe haraka kwa sababu kurudi ni mteremko mtupu na baiskeli hizi ni nzito, zikishika kasi zimeshika. Za kwetu zilikuwa na breki za diski zinazokamata vizuri, ila nakushauri kabla hujaondoka zijaribu zote mbili pale pale uwanjani, na kwenye mteremko bana kidogo kidogo usisubiri kona.

Chaji ilitosha na ikabaki, hata ya mama aliyetumia nguvu nyingi. Masika maji yanakuwa mengi na yanapendeza lakini hizo njia za tope sikushauri kwa mgeni wa baiskeli, bora kuanzia mwezi wa 6 hivi, na utoke asubuhi mapema kabla mawingu hayajafunika mlima. Beba sweta na viatu vya kushika chini, sendo uziache nyumbani.

Hawa wa baiskeli nawapa nyota nne, ya tano wakileta helmeti za saizi tofauti. Mama mdogo yeye ametoa tano na ameshawaambia dada zake wajiandae mwezi wa 12.