Kumng'oa MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, Kenya) aliye kitini: tiketi ya chama au uende huru?
Ada ya IEBC (tume ya uchaguzi) ni ileile uwe wa chama au huru (2022 ya kawaida ilikuwa shilingi 5,000), tofauti inaanzia kabla ya hapo. Chamani unalipia mchujo, na mchujo ndio balaa yenyewe, MCA anawajua wakubwa wa chama, unaweza kushinda jioni asubuhi cheti cha chama kiko kwake. Huru hakuna mchujo ila utafute sahihi za wapiga kura 500 wa wadi, na uwe umetoka chamani miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na usidhani ni rahisi, mama mboga akishika kalamu tu anauliza, "we ni wa chama gani?" Mawakala wa kulinda kura pia, ukiwa huru unawalipa kutoka mfuko wako. Kama kwenu wanapiga kura suti (chama kimoja kuanzia rais hadi MCA), pigania tiketi. Kama wanakujua kwa ule mtaro ulizibua, huru inawezekana.