Lastiki, gundi au utepe: ununue nini ili lesi ya mbele isibanduke kwenye joto la Kisumu

Saa saba mchana, ukishuka bodaboda Kondele na kuvua helmeti, ndipo utajua kama ulinunua vizuri. Jasho limeteremka kutoka utosini, upepo umepiga njia nzima, na helmeti imeivuta wigi nyuma. Lesi, ule wavu mwembamba wa ukingo wa mbele wa wigi, huanza kunyanyuka kwenye panja, kisha katikati ya paji. Wengi wetu hapo hukimbilia duka la vipodozi kuomba gundi kali kuliko ile ya jana. Nimefanya hivyo kwa miaka, nikaishia na ngozi iliyochubuka na lesi ambayo bado inabanduka. Siku hizi nanunua kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni lastiki, na sisemi hivyo kwa kuwa ni rahisi. Chukua lastiki pana ya fundi cherehani, ishonwe ndani ya wigi kutoka sikio moja hadi la pili ikipita kisogoni. Inapojivuta, ukingo wa mbele unalala kwenye ngozi. Wigi nyingi hubanduka kwa sababu kofia yake, yaani ile ya ndani iliyoshonewa nywele, ni ndogo, au matuta yaliyo chini yamesukwa manene yakaiinua. Hapo wigi inajivuta nyuma kutwa, na gundi inashindana na mvuto usiokoma. Kwa hiyo kabla ya kununua wigi yenyewe, pima kichwa kwa tepu ya fundi: kofia ya saizi ya kati huwa takriban inchi 22 na nusu. Ukizidi hapo, omba kubwa. Lastiki nayo isikaze hadi kichwa kiume. Ikiacha alama kwenye paji, ilegeze.

Kwa dada aliyepoteza nywele kwa matibabu ya saratani au kwa ugonjwa wa kunyonyoka, ningeanzia hapa na kuishia hapa. Ongeza mkanda wa mahameli unaovaliwa kichwani kabla ya wigi. Ule msuguano wake unaishika wigi isiteleze. Ngozi yake haihitaji kemikali nyingine.

Ya pili ni gundi ya maji, kama Ghost Bond au Bold Hold. Ukitaka ukingo ulale usionekane kabisa, kwa harusi au wiki ya kazi, hii ndiyo. Lakini inataka subira, na wanaoilaumu wengi waliiharakisha. Futa paji kwa pamba yenye spiriti ya hospitali ili mafuta na faundesheni vitoke, uache pakauke. Paka tabaka jembamba, mbele ya nywele zako wala si juu yake. Itakuwa nyeupe kama maziwa. Ngoja hadi rangi iishe na kidole kinate, ndipo upake la pili, kisha la tatu. Hewa ya ziwani ina unyevu, hivyo hukauka polepole kuliko ilivyo kwa wenzetu wa Nakuru huko juu; mimi hutumia draya kwa upepo baridi. Ukiilaza lesi ikiwa bado nyeupe, umefungia maji chini yake na itaachia siku hiyo hiyo. Ikishalala, bonyeza kwa mgongo wa kichana, funga mkanda dakika 15 au 20. Kwangu hudumu siku nne au tano katika joto la Februari, na hiyo inanitosha.

Utepe wa pande mbili nauweka wa tatu. Ule wa buluu uliotengenezwa kwa ajili ya lesi ni mzuri kwa anayechukia kungoja. Ukate vipande vifupi vifuate mzunguko wa paji, maana kipande kirefu kilichonyooka hukunjamana na kuacha mapengo, na jasho hupenya hapo hapo.

Jeli ya Got2b, ile ya tyubu ya njano, ni ya siku moja tu. Ilitengenezwa kusimamisha nywele, wala haikukusudiwa ngozi. Jasho huiyeyusha, halafu inabaki ukoko mweupe. Kwa picha za jioni, sawa.

Gundi za solventi, yaani zenye kiyeyushi cha kemikali badala ya maji, kama Ultra Hold ya Walker Tape hushika kweli, na jasho haziogopi. Naziweka chini kwa sababu kuzitoa ni kazi inayotaka mafuta maalumu na mkono wa mtaalamu.

Usiyopaswa kununua kwa kazi hii ni gundi nyeusi ya kubandikia wivi, yaani nywele za kuongezea. Nyingi zina mpira wa lateksi, na wapo ambao mwili wao huukataa. Msusi mmoja alinipaka hiyo kwenye ukingo, akasema ni ile ile ya lesi. Ilipotoka, ilitoka na nywele zangu za panjani, na ilichukua karibu mwaka kuota tena. Kwa hiyo soma chupa mwenyewe hata ukiwa umekaa kwenye kiti cha saluni. Tafuta stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya bidhaa zinazoingizwa nchini, na sili isiyofunguliwa chini ya mfuniko. Tone la kwanza lipake nyuma ya sikio, ukae nalo siku nzima na usiku wake. Pakiwasha, irudishe dukani au uitupe.

Na siku unayonunua gundi, nunua na dawa yake ya kuitolea. Ipenyeze chini ya lesi kwa brashi ndogo, ngoja dakika chache, ongeza tena, mpaka lesi inyanyuke yenyewe. Ikiwa bado inashika, bado hujangoja vya kutosha.